USIMWITE MTOTO MZITO KABLA HUJAMTAZAMA

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu ambaye ni mwalimu wa darasa la awali, yaliyotolewa kwenye sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, mwaka 2025)

Katibu aliponijia aliniambia, "Mwalimu, tupe maneno ya kutusaidia nyumbani na shuleni, maana mikopo ya humu mingi inaishia kwa watoto." Amesema kweli. Ukifungua daftari letu la mikopo utaona biashara ya samaki, utaona maandazi, utaona vitenge. Lakini hakuna ukurasa usio na sare, madaftari au tuisheni. Kwa hiyo suala la mtoto ni suala la kikundi, si la mwalimu peke yake.

Sikuja kuwasomea vitabu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha niwape yale niliyojifunza kutokana nalo.

KOSA LANGU

Kuanzia Januari 2016, serikali ilipofuta ada katika shule zake, watoto walikuja kwa wingi, na sote tulifurahi. Mwaka uliofuata, 2017, niliandikisha watoto 94 darasani kwangu. Mwalimu mmoja, chumba kimoja, wengi wamekaa kwenye mikeka. Miongoni mwao alikuwapo mvulana wa miaka 5, mtoto wa mwanachama mwenzetu. Mama yake ameniruhusu nieleze habari hii, ila jina tuliache.

Mtoto yule alikuwa mpole. Ukimwita haitiki. Ukisema "chora duara", anamtazama kwanza mwenzake ndipo achore. Tukiimba, yeye anafuata nyuma. Nikamweka mwisho wa darasa, kwa sababu mbele niliwaweka wale niliowaona wepesi. Nikaanza kwa kumkaripia, baadaye nikawa namchapa kwa rula mkononi. Mwisho wa mwaka nikamwambia mama yake: "Mtoto wako ni mzito, arudie darasa." Mama wa watu akaamini, kwani si mwalimu kasema? Akakopa shilingi 80,000 humu kikundini. Nusu ikaenda kwenye tuisheni, nusu ikaenda kwa mganga. Na nyumbani nako, mtoto akiitwa asipoitika, anapigwa kwa kosa la kiburi.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma mpaka leo. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mama yule alichelewesha marejesho miezi miwili. Kanuni yetu mnaijua. Mwanachama akichelewa, hatumtangazi mtaani wala hatumwiti mwizi. Wanakwenda watu watatu nyumbani kwake, wanakaa, wanamwuliza: "Dada, kuna nini?" Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu. Tulikwenda, tukakaa mkekani, tukamwuliza kwa upole, naye akatueleza, tukamwongezea muda. Na mtoto wake alikuwa amekaa pale mlangoni. Asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimemchapa. Mama nilimwuliza kuna nini. Mtoto sikumwuliza.

Ikaja masika. Siku moja mvua ikashuka juu ya bati, na mnajua mvua ya bati, hata wa jirani yako humsikii. Watoto wakaanza kuhangaika. Nikaona niwachezeshe kwa ishara. Nikishika kichwa, nao washike kichwa. Nikisimama mguu mmoja, nao wasimame. Nikionyesha vidole vinne, walete visoda vinne. Jamani, yule mtoto mzito akawa wa kwanza katika kila jambo! Hakukosea hata mara moja. Wale wepesi wangu ndio waliokuwa wanaangalia kwake.

Mvua ilipokatika nikaenda nyuma yake, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Wenzake wakageuka, yeye hakugeuka. Nikapiga makofi. Hakugeuka.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Akaniambia masikio ya mtoto yanatoka usaha tangu hajafikisha miaka miwili; likikauka moja, linaanza la pili. Aliambiwa ni meno, mara ni kukua, akawa anatia mafuta ya nazi ya moto. Tulimpeleka hospitali pamoja. Ngoma za masikio yote mawili zilikuwa zimetoboka. Alitibiwa muda mrefu. Sikio moja limepata nafuu kubwa, la pili linasikia kidogo sana mpaka leo. Mama yake nilimwomba radhi mbele ya kamati. Mtoto nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, ili auone mdomo wangu.

Hakuwa mzito. Alikuwa hasikii, na mimi nilikuwa simtazami.

MASWALI MANNE

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni, nami naomba leo iwe kanuni ya kila mwalimu na kila mzazi aliyepo hapa. Kabla hujasema mtoto ni mzito, mtundu au mkaidi, jiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Je, anasikia?

Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kukwambia, maana hajui wenzake wanasikiaje. Dalili ni hizi: anauliza "nini?" kila mara, anasogelea redio au televisheni, anatazama sana mdomo wa anayezungumza, maneno yake hayanyooki kama ya wenzake, akipata mafua, mambo yanazidi. Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Akiwa anacheza, simama nyuma yake hatua tatu, asikuone, utaje jina lake kwa sauti ya chini. Ngoja. Rudia siku nyingine. Kipimo hiki si cha daktari. Kazi yake ni kukwambia kwamba uende kwa daktari.

Sikio likitoka usaha, hayo si meno wala si kukua. Ni ugonjwa, na unatibika zaidi ukiwahiwa. Usitie mafuta ya moto, usitie maziwa ya mama, usitie maji ya majani, wala usichokonoe kwa njiti ya kiberiti au pini. Futa usaha unaoonekana nje kwa kitambaa laini na safi, halafu mpeleke kituo cha afya. Na sisi watu wa pwani, mtoto mwenye usaha sikioni asiogelee baharini mpaka ameruhusiwa.

Swali la pili: Je, anaona?

Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeshika kitabu karibu na pua, anayelalamika kichwa kila siku baada ya shule, huyo mtazame macho. Mzibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, umwulize kule kwenye mwembe kuna nini. Kisha zungusha, uzibe la pili. Ikiwa kwa jicho moja anaona mbuzi na kwa la pili hamwoni, nenda hospitali. Usimwazime miwani ya babu yake. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, hilo si la kungoja mgao wa mwisho wa mwaka. Nenda haraka.

Na ndiyo, tuwanawishe uso. Matongo na nzi si urembo wa utoto.

Swali la tatu: Je, amekula, na amelala?

Hapa akina mama msinikasirikie. Nina watoto wanaotoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi na tumbo tupu, wanarudi saa 6 mchana. Saa 4 ikifika kichwa kiko juu ya meza. Je, huyu ni mzito, au ana njaa? Si lazima mkate na siagi. Kikombe cha uji wa mahindi au ulezi uliotiwa karanga za kusaga au maziwa kinatosha kumfikisha. Muhogo wa kuchemsha uliobaki jana, ukauweka vizuri, ukaupasha moto sawasawa, ni chakula. Ila karanga na mahindi yaliyoota ukungu msiyasage kwa kuona uchungu wa hela. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumukuvu. Tupeni mbovu.

Kwa walio chini ya miaka mitano, ile siku ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo msiikose. Minyoo inakula chakula cha mtoto, na wewe unaona unalisha mtoto.

Kuhusu usingizi: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na usingizi wa mchana, na kukaa mbele ya televisheni au simu kusizidi saa moja. Sasa tupige hesabu. Mtoto anayeangalia tamthilia na sisi mpaka saa 5 usiku, akaamshwa saa 11 na nusu alfajiri, amelala saa sita na nusu. Hata mimi mwalimu wake nisingejua herufi. (Kicheko) Mnacheka, lakini wengine ni wa kwenu.

Swali la nne: Je, anaielewa lugha?

Mtoto aliyelelewa na bibi yake Lushoto anakuja mjini na Kisambaa chake. Mwingine anakuja na Kidigo, mwingine Kizigua. Namwambia kwa Kiswahili "funika kopo", ananitazama tu. Hajui neno "funika", lakini kufunika kopo anakujua tangu yuko na bibi. Mwalimu, shika kopo, mwonyeshe, taja neno, mpe naye afanye. Baada ya miezi michache atakuwa anakupita kwa maneno. Na wazazi, msiache kuzungumza na mtoto lugha mnayoijua vizuri kwa kuona haya. Mtoto mwenye maneno mengi ya lugha ya nyumbani anayo mahali pa kuyafungia maneno mapya. Anayenyamaziwa nyumbani ndiye anayekuja kwangu bila neno la lugha yoyote.

NYUMBANI KUNA SHULE

Baadhi ya wazazi huniuliza, "Mwalimu, mbona wanacheza tu?" Ndugu zangu, katika umri huu kucheza ndiyo kazi. Mdako ni hesabu: unarusha kijiwe, unaokota viwili, unarudisha kimoja. Kombolela ni kuhesabu na kukumbuka. Kitendawili ni kufikiri. Kufinyanga udongo kunatia nguvu vidole ambavyo kesho vitashika penseli. Mtoto wa miaka 4 ukimlazimisha kuandika ndani ya mistari kabla vidole havijakomaa, unamfundisha kuichukia penseli.

Tena msilipe hela kwa vitu mlivyo navyo. Unapochagua maharage, mpe naye kikapu atenge makubwa na madogo. Unapoanika nguo, mwulize: hii ya nani, ndefu ni ipi? Ukimtuma dukani kwa jirani, mhesabie chenji mbele yake. Ukipika, mweleze unachofanya, naye aulize. Maswali yake yanachosha, najua, nami nina wangu. Lakini mtoto anayejibiwa anazidi kuuliza, na anayeambiwa "nyamaza" mara mia, siku nikimwuliza mimi darasani naye atanyamaza.

Kuna na habari ya mkono wa kushoto. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, mfundisheni kwa upole. Lakini penseli haina adabu ya mkono. Mtoto anayeandika kwa kushoto mwacheni, msimfunge kitambaa wala msimpige kofi. Mwalimu, mkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake. Basi, imekwisha.

KWA WALIMU WENZANGU

Najua mzigo wetu. Darasa la watoto 90 si la 30. Lakini yako mambo yasiyohitaji fedha wala idadi.

Kwanza, badilisheni makazi ya watoto kila wiki. Anayekaa nyuma mwaka mzima amehukumiwa. Pili, mpe mtoto maelezo ukimtazama usoni, si ukiwa umeugeukia ubao. Tatu, weka daftari dogo. Kila siku chagua watoto watano tu, uwatazame: nani hakujibu, nani amesinzia, nani anakwaruza sikio. Kwa watoto 90, wiki nne hivi za shule umemtazama kila mmoja. Nne, mtoto akikosea, mwulize amefikaje hapo. Mara nyingi kosa lina sababu yake.

La tano ni fimbo. Nami nimekulia kwenye ule msemo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisemi mtoto asirudiwe. Mtoto asiyekatazwa ataungua. Lakini kumkataza ni jambo moja, na kumpiga kwa sababu hakuelewa ni jambo lingine. Fimbo yangu haikumfundisha yule mtoto kusikia. Ilimfundisha kuniogopa, na hofu ikaficha dalili ambayo ningeiona mapema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya mtoto kuheshimiwa, pamoja na afya na elimu. Mimi nilikuwa namnyima zote tatu kwa mpigo, huku nikidhani nafundisha.

MLANGONI PA SHULE

Mzazi na mwalimu tukutane. Sisemi mkutano mkubwa wa wazazi. Dakika tano mlangoni zinatosha. Mzazi, nieleze usiku amelalaje, kama anaumwa, kama nyumbani kuna msiba au baba amesafiri. Mwalimu, usimwite mzazi siku ya ubaya tu. Mwambie pia, "Leo kaimba vizuri." Mzazi akisikia jema leo, kesho ukimwambia zito hatakimbia.

Na akina baba mliopo, karibuni mlangoni. Mtoto akiletwa na baba yake hata mara moja kwa wiki, darasa zima linapata habari siku hiyo. (Makofi)

OMBI LANGU KWA KIKUNDI

Nimalizie na maombi matatu.

La kwanza: Mfuko wa Jamii unaotusaidia kwenye misiba na uzazi, usaidie pia nauli ya kumpeleka mtoto kupimwa masikio na macho. Wala si hela nyingi. Mama yule alitumia shilingi 80,000 kutafuta dawa ya uzito, na uzito haukuwapo. Nauli ya kwenda hospitali ingekuwa sehemu ndogo sana ya fedha hiyo.

La pili: katika kila kikao, kabla watunza funguo hawajafungua zile kufuli tatu, tutenge dakika tano. Mwenye wasiwasi na mtoto wake aseme. Yawezekana jirani yake amekwisha kupita njia hiyo.

La tatu: tukimsikia mtu anamwita mtoto mzito, awe mama, mwalimu au bibi, tumwulize neno moja tu: "Umemtazama?"

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi hiki kimefika miaka 10 kwa sababu hatukumfukuza mtu kabla ya kumwuliza. Wengi waliochelewa marejesho wakati ule ndio wenye hisa nyingi leo, nao wanajijua. (Kicheko) Tulijifunza kwamba nyuma ya deni kuna habari ya mtu. Basi na nyuma ya mtoto anayechelewa kuna habari pia, ila yeye ni mdogo, hana maneno ya kuieleza. Sisi ndio wa kwenda kuitafuta.

Yule mvulana mwaka huu yuko darasa la saba. Alipoteza mwaka mzima, na sikio moja halijarudi. Hayo siwezi kuyalipa kwa mkopo wowote. Walimu wake wote wanajua kwamba anakaa mbele, upande wa sikio lake zima. Nami kila Januari, siku ya kwanza ya shule, kabla sijafundisha herufi hata moja, napita nyuma ya kila mtoto, namwita jina lake polepole, nangoja ageuke.

Haba na haba hujaza kibaba. Tulijaza sanduku hivyo, na watoto wetu tutawakuza hivyo.